Kupima mwendo wa jeti ya nyota MWC 560 ukiwa Tanga: mwongozo kwa mwenye darubini ndogo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa Tanga mjini au wa vijiji vya jirani ambaye tayari ana darubini yenye kioo cha sentimita 20 hivi, anayeweza kuitumia kutafuta nyota hafifu, na ambaye sasa anataka kufanya kazi yenye faida kwa sayansi. Kazi yenyewe ni kuchukua spektra, yaani mwanga uliotawanywa katika rangi zake, ya nyota V694 Monocerotis, inayojulikana zaidi kwa jina la MWC 560, na kupima kwa namba mwendo wa gesi ambayo nyota hiyo huirusha kuja upande wetu. Zipo nyota nyingine za namna yake, lakini hii ina sifa inayomfaa mtu wa Tanga kuliko karibu mtazamaji mwingine yeyote: mji wetu uko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, nayo nyota iko nyuzi 7 na dakika 44 kusini mwa ikweta ya anga, kwa hiyo inapofika juu kabisa huwa imebakiza chini ya nyuzi 3 kugusa utosi. Wanaanga wa kituo cha Rozhen nchini Bulgaria, walioieleza tabia yake ya ajabu mwaka 1990, kwao haipandi zaidi ya nyuzi 41 kutoka upeo wa macho. Mwanga unaotufikia sisi unapita kwenye tabaka jembamba zaidi la hewa, na rangi ya buluu, ambayo ndiyo tunayoihitaji, haipotei sana njiani wala haitawanywi sana pembeni mwa mwanya wa spektroskopu, kifaa cha kuchukulia spektra.

Kinachoonekana ndani ya spektra yake

MWC 560 ni nyota mbili zinazozungukana. Moja ni jitu jekundu la aina ya M, kubwa mno na lenye ubaridi kiasi, ambalo gesi yake inamwagika nje. Nyingine ni kibete cheupe, kiini kidogo na kizito cha nyota iliyokwisha kumaliza nishati yake, kinachoivuta gesi hiyo na kuizungusha katika sahani yenye joto kali kabla haijaanguka juu yake. Mifumo ya aina hii huitwa nyota simbiotiki. Ukiitazama spektra yake utaona vitu viwili vilivyolaliana: upande wa nyekundu umekatwakatwa na mabonde mapana ya oksidi ya titani, dalili ya jitu baridi, na upande wa buluu una mwanga laini wa sahani ya moto ukiwa umepambwa kwa mistari inayong'aa ya haidrojeni na ya chuma. Jina MWC limetokana na orodha ya Mount Wilson ya nyota zenye mistari kama hiyo ya haidrojeni, iliyotayarishwa na Paul Merrill na Cora Burwell.

Jambo la tatu ndilo tunalolifuata. Kutoka kwenye sahani hiyo kunatoka jeti, yaani mkondo mwembamba wa gesi unaorushwa kwa nguvu, na mkondo huo umeelekezwa kwetu karibu moja kwa moja, hivyo mtazamaji wa duniani yuko katika hali ya mtu aliyesimama mbele ya mdomo wa bomba la maji. Ndiyo maana huwezi kuiona jeti hii katika picha ya kawaida. Gesi iliyo mbele ya sahani hufyonza sehemu ya mwanga wake, na kwa kuwa gesi inakuja kwetu, athari ya Doppler, yaani mabadiliko ya rangi yanayoletwa na mwendo, huusogeza ufyonzaji huo kuelekea buluu. Matokeo yake ni bonde jeusi lililo upande wa kushoto wa kila mstari unaong'aa wa haidrojeni, na umbali kati ya bonde na mahali pa kawaida pa mstari ndio mwendo wa gesi.

Umbo la bonde hilo linastahili kutazamwa kwa makini, maana lina habari nyingi kuliko namba peke yake. Katika nyota zinazopuliza upepo wa kawaida, gesi huanza polepole na kuongeza mwendo kadiri inavyokwenda mbali, na kwa hiyo ufyonzaji huanzia pale pale ubavuni mwa mstari unaong'aa na kuteremka kuelekea buluu bila kuachana nao. Katika MWC 560 mara nyingi kuna nafasi kati ya mstari na bonde, ambamo mwanga umerudi kwenye kiwango chake cha kawaida. Maana yake ni kwamba gesi iliyo mbele ya sahani haina sehemu inayokwenda taratibu. Yote imekwisha kupata mwendo wake. Mwaka 1990 mwendo huo ulifika hadi kilomita 6,000 kwa sekunde, katika nyakati nyingine umekuwa kati ya 1,000 na 3,000, na mwaka 2018 ufyonzaji ulitoweka. Nyota hii haina ratiba ya mambo hayo, na hapo ndipo mwenye darubini ndogo anapokuwa na nafasi, kwa sababu vituo vikubwa haviwezi kuitazama kila wiki.

Spektroskopu ipi inatosha

Wengi huanza na Star Analyser 100, kioo kidogo chenye mistari 100 kwa kila milimita ambacho hufungwa mbele ya kamera kama kichujio. Ni kifaa kizuri cha kujifunzia, na kitakuonyesha mabonde ya oksidi ya titani pamoja na mstari mwekundu wa haidrojeni. Hata hivyo uwezo wake wa kutenganisha ni kama 100, maana yake hakiwezi kutofautisha miendo inayopishana kwa chini ya kilomita 3,000 kwa sekunde. Kwa jeti hii hakitoshi, isipokuwa katika mlipuko mkubwa kama ule wa mwaka 1990. Kinachofaa ni spektroskopu yenye mwanya, ya kiwango cha Alpy 600, ambayo kikomo chake ni takriban kilomita 500 kwa sekunde. Bonde lililosogea kwa 1,500 litaonekana wazi, na spektra nzima kutoka buluu hadi nyekundu itaingia katika picha moja. Vifaa vyenye uwezo mkubwa zaidi, kama Lhires III, vinaonyesha kipande kifupi tu cha spektra na hutapanya mwanga mno kwa nyota hafifu ya daraja la mng'ao la 9 au la 10. Kama fedha inatosha kifaa kimoja, ningechukua cha uwezo wa wastani bila kusita.

Stendi, ncha ya kusini na hewa ya chumvi

Miongozo mingi ya kusimika stendi ya ikweta, ile inayozunguka kufuata mwendo wa anga, imeandikwa kwa watu wa Ulaya, nayo huanza na Nyota ya Kaskazini. Sisi hatuioni, iko chini ya upeo wetu. Ncha ya kusini ya anga nayo imeinuka nyuzi 5 tu, ndani ya ukungu wa chini, na haina nyota angavu ya kuitambulisha. Tatizo jingine ni kwamba mhimili wa stendi unatakiwa ulale karibu mlalo kabisa, na stendi nyingi haziruhusu kushuka kiasi hicho. Dawa yake ni kuinua mguu mmoja wa stendi kwa tofali au kipande cha mbao imara hadi mhimili ufike kwenye nyuzi 5, kisha kuhakikisha kwamba uzito wa kusawazisha haugongi miguu darubini inapozunguka.

Baada ya hapo sahihisha kwa kufuatilia mteleko wa nyota. Chagua Mintaka, nyota ya ukanda wa Orion iliyo karibu kabisa na ikweta ya anga, inapokuwa juu yako. Ikiteleza kaskazini au kusini katika kamera, mhimili umeelekea mashariki au magharibi mno, nawe zungusha stendi kidogo hadi itulie. Kisha chukua nyota nyingine ya ikweta ya anga iliyo chini upande wa mashariki; mteleko wake utakuambia kama mhimili umeinuka kupita kiasi au umelala mno. Usiharakishe hatua hii. Mwanya wa spektroskopu una upana wa sekunde chache tu za nyuzi, na nyota isiyokaa juu yake haitoi spektra.

Kwa kuwa nyota iko utosini, huhitaji kwenda Tongoni au Pongwe kutafuta upeo ulio wazi. Uwanja wa nyumba ya Chumbageni wenye nafasi kati ya miembe unatosha, na taa za bandari hazitakuharibia kazi sana, kwa sababu mwanga wa anga huonekana juu na chini ya spektra ya nyota katika picha hiyo hiyo na unaweza kutolewa. Adui mkubwa wa ufukweni ni unyevu na chumvi. Mdomo wa darubini ufungiwe mkanda wa kupashia joto ili umande usishike, na vifaa vihifadhiwe katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Betri ya volti 12 iwe karibu, maana umeme ukikatika katikati ya kazi stendi hupoteza nyota.

Msimu na saa

Msimu wa nyota hii umeangukia vizuri. Katikati ya Januari hufika utosini karibu saa sita na robo usiku, na mwishoni mwa Februari karibu saa tatu na nusu usiku. Hicho ndicho kipindi cha kaskazi, baada ya mvua za vuli na kabla ya masika, ambapo Tanga hupata usiku mwingi wenye anga safi. Kuitafuta, vuta mstari kutoka Sirius hadi Procyon. Nyota yetu iko karibu katikati, ikiwa imeegemea kidogo mashariki. Ramani ya mwisho ipatikane AAVSO, shirika la Marekani la watazamaji wa nyota zinazobadilika, kwa kuandika jina V694 Mon, na usiridhike mpaka mpangilio wa nyota za jirani katika kamera ufanane na ramani.

Kurekodi

Chukua picha za dakika tano tano hadi zitimie saa moja. Nyota hii hupepesa kwa makumi ya dakika kutokana na msukosuko wa sahani yake, kwa hiyo saa ya kuanza ya kila picha ihifadhiwe. Usiku wa Januari hapa ni wa joto, na kelele ya kamera huongezeka takriban mara mbili kila joto linapopanda nyuzi 6 au 7, hivyo kamera yenye kipozeo ni bora, na picha za giza, yaani zile zinazochukuliwa darubini ikiwa imefunikwa, lazima ziwe za joto lile lile na muda ule ule. Chukua pia picha kadhaa za balbu ya kawaida ya waya ili kusawazisha kasoro za kamera.

Sasa tufike kwenye hatua ambayo uzito wa kazi yote umeiegemea, yaani kuipa kila sehemu ya picha urefu wake wa wimbi. Kosa la nanomita 0.1 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita) karibu na mstari wa haidrojeni wa 486.1 ni sawa na kosa la kilomita 62 kwa sekunde. Taa za kupimia zinapatikana madukani Ngamiani. Balbu ya enaji seva ina zebaki, nayo hutoa mistari ya nanomita 404.7, 435.8 na 546.1 pamoja na miwili iliyokaribiana ya 577.0 na 579.1. Taa ndogo ya rangi ya chungwa iliyo kwenye swichi ya eksteshini mara nyingi ni ya neoni, na hutoa 585.2, 614.3, 640.2, 650.7 na mingine. Baadhi ya eksteshini za siku hizi zina taa ya LED yenye rangi inayofanana na hiyo. Ukiiweka mbele ya spektroskopu na kuona utepe mpana badala ya mistari myembamba, hiyo si neoni. Usifungue eksteshini kutoa taa. Funika mdomo wa darubini kwa karatasi nyeupe na uielekeze taa ikiwa ndani ya eksteshini yake kwenye karatasi hiyo. Fanya hivyo kabla na baada ya kuchukua spektra ya nyota, bila kusogeza kamera wala kugusa fokasi.

Utaona kwamba kati ya 435.8 na 546.1 taa hizi hazina mstari imara, na hapo ndipo ulipo mstari wetu mkuu. Pengo hilo lizibwe na Sirius. Ni nyota nyeupe yenye mistari mipana ya ufyonzaji wa haidrojeni, na inapokuja kwetu au kuondoka mwendo wake ni mdogo kiasi cha kupuuzwa hapa. Chukua spektra yake kwa muda mfupi sana ili kamera isijae, kisha hakikisha kwamba mabonde yake yameangukia 434.0, 486.1 na 656.3. Spektra hiyo hiyo ya Sirius itakusaidia kurekebisha namna kamera yako inavyopokea rangi mbalimbali. Wengine huvutiwa kutumia Gomeisa kwa kuwa iko jirani, lakini Gomeisa yenyewe ina haidrojeni inayong'aa kuizunguka na itakupotosha. Alama ya mwisho ya kuhakiki hutolewa bure na hewa tunayoivuta: oksijeni yake hukata ukingo mkali kwenye nanomita 686.7 katika kila spektra. Kazi ya kutoa spektra kwenye picha hufanywa kwa programu za bure kama ISIS au BASS.

Kusoma mwendo

Gawanya spektra kwa kiwango cha mwanga laini ili kiwango hicho kiwe 1, kisha tazama kushoto kwa 486.1. Tuseme kina cha chini kabisa cha bonde kiko 483.7. Tofauti ni nanomita 2.4, igawe kwa 486.1 na uzidishe kwa kilomita 300,000, utapata takriban kilomita 1,480 kwa sekunde. Kisha tafuta ukingo wa mbali wa bonde, pale mwanga unaporudi kwenye 1. Ukiwa 481.2, gesi ya kasi zaidi inakwenda karibu kilomita 3,020 kwa sekunde. Andika namba zote mbili, kwa maana ya kwanza inaeleza gesi iliyo nyingi na ya pili inaeleza kikomo cha mwendo, na zinaweza kubadilika kila moja kwa njia yake.

Kabla ya kuziamini, fanya jaribio moja ambalo kwangu halina mbadala. Ufyonzaji wa jeti lazima uonyeshe mwendo ule ule katika mistari yote ya haidrojeni, ingawa kwa nanomita unasogea tofauti. Kwa mfano wetu, bonde linatakiwa liwepo pia karibu na 431.9 na karibu na 653.0. La nyekundu litakuwa na kina kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya mwanga wa huko unatoka kwenye jitu jekundu ambalo jeti hailifuniki. Bonde linaloonekana mahali pamoja tu huenda likawa la oksidi ya titani, ambayo ina kingo zake karibu na 476.1, 495.4 na 516.7; haya hutambulika kwa kuwa yana ukingo mkali upande wa buluu na kufifia taratibu kuelekea nyekundu.

Tahadhari nyingine inahusu mstari unaong'aa karibu na 501. Aliyezoea kusoma habari za nebula, mawingu ya gesi ya angani, ataudhania kuwa ule maarufu wa oksijeni wa 500.7. Upime kwanza. Katika MWC 560 kwa kawaida ni chuma, kwenye 501.8, na wenzake wa 492.4 na 516.9 watakuwepo kuthibitisha.

Kaskazi inapokwisha

Kuanzia Septemba hadi Novemba unaweza kuielekea R Aquarii, nyota simbiotiki nyingine, ambayo jeti yake imelala ubavuni na hivyo huonekana hata katika picha. Hapa anayetanuka na kusinyaa ni jitu lenyewe, kwa mzunguko wa siku 387 hivi, na spektra ya gesi inayolizunguka hujitokeza vizuri zaidi jitu linapofifia. Mistari ya oksijeni ya 495.9 na 500.7 huonekana wazi, ule wa pili ukiwa na nguvu mara tatu ya wa kwanza. Uwiano ukikataa, kuna kosa katika kusafisha spektra. Laza mwanya kutoka kaskazini mashariki kwenda kusini magharibi, ambako ndiko jeti inakopita.

Kupeleka kazi yako

Spektra za nyota hizi hupokelewa katika hifadhidata za AAVSO na za ARAS, mtandao wa watazamaji wanaochukua spektra. Saa iwe ya kimataifa, na hapa umakini unahitajika kwa sababu sisi tuna hatua mbili za kubadili: saa tatu usiku ya Tanga ni 18:00 ya kimataifa, na saa saba usiku ni 22:00 ya tarehe iliyotangulia. Pamoja na spektra, kadiria mng'ao wa nyota usiku huo huo kwa kuilinganisha na nyota za ramani ya AAVSO, kwa kuwa mabadiliko ya jeti hayasomeki vizuri bila kujua sahani ilikuwa inang'aa kiasi gani.

Ukikosa ufyonzaji wowote, peleka spektra hiyo kama ulivyopeleka nyingine. Pima kelele ya mwanga laini kati ya 476 na 486, na ueleze kwamba bonde lenye kina cha kuzidi mara tatu ya kelele hiyo lingeonekana. Rekodi ya usiku ambao jeti haikuwepo ndiyo inayowezesha kujua ilianza tena lini.